Madoa kwenye majani ya viazi: inapokuwa ni hewa, si ugonjwa

Majani ya viazi yakianza kutoka vidoa vyeusi, wengi wetu hukimbilia duka la pembejeo. Mara nyingi tunakuwa sahihi, maana magonjwa ya ukungu ni mengi. Lakini kuna madoa ambayo hayaletwi na mdudu, ukungu wala virusi. Yanaletwa na gesi iitwayo ozoni, iliyomo kwenye hewa tunayovuta. Makala haya yanakueleza gesi hiyo inatoka wapi, inafanya nini ndani ya jani, mmea unajikingaje, na utaitambuaje kabla hujatoa pesa.

Yamewalenga watu wa Dabani na vijiji vya Busia na Tororo, upande wa Uganda na wa Kenya, pamoja na wakimbizi wanaolima viwanja vidogo Kiryandongo na kwingineko. Njia kati ya hapa na Kiryandongo si ngeni: Wakenya waliovuka Busia na Malaba baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 walipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha mwaka 2008 wakahamishiwa Kiryandongo. Wengi walikuwa wakulima na waliendelea kulima. Mtu mwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba hana pa kupotezea hata debe moja la viazi, wala hela ya chupa ya dawa isiyosaidia.

Viazi gani tunavizungumzia?

Ukisema viazi Dabani, watu wanaelewa viazi vitamu. Hivyo ndivyo vinavyostawi hapa, pamoja na muhogo, kwa sababu eneo hili liko chini ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na lina joto. Viazi mviringo, ambavyo Wakenya wengi huviita waru, hupenda baridi ya milimani, kuanzia mita 1,500 hivi kwenda juu. Magunia yanayouzwa soko la Busia hutoka miteremko ya Mlima Elgon upande wa Kapchorwa na Mbale, mbali zaidi Kabale na Kisoro, au Kenya sehemu za Nyandarua, Molo na Meru.

Mimea hii miwili si ndugu. Kiazi mviringo ni wa ukoo mmoja na nyanya na bilinganya, na kiazi kitamu kina ukoo wake. Utafiti mwingi kuhusu ozoni umefanywa kwenye viazi mviringo, hasa Ulaya na Marekani, kwa hiyo mengi utakayosoma hapa yanatoka huko. Hata hivyo namna gesi inavyoingia kwenye jani, na namna jani linavyojitetea, ni ileile kwa mimea yote miwili, na hata kwa maharagwe yaliyo pembeni ya viazi vyako.

Ozoni inatoka wapi

Pengine umesikia kuhusu tabaka la ozoni lililo juu sana angani, linalotukinga na miale mikali ya jua. Hilo ni jema, na mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulitiwa saini ili kulilinda. Gesi ni ileile, lakini ikiwa huku chini tunakoishi inakuwa sumu. Haitoki moja kwa moja kwenye bomba la gari wala kwenye tanuru. Inatengenezwa hewani: moshi wa injini na wa moto hutoa oksidi za nitrojeni, hizo hukutana na mvuke wa petroli, wa kuni zinazoungua, wa rangi na hata wa miti, na jua kali linavipika pamoja. Ndiyo maana ozoni huwa nyingi mchana, kuanzia saa sita hadi saa kumi, na hupungua usiku.

Kwenye mpaka wetu viungo vyote vya upishi huo vipo. Malori ya barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Kampala hupita Malaba na Busia, na foleni bado hutokea ingawa kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018 ili kuzipunguza. Kuna viwanda vya saruji Tororo. Kuna matanuru ya matofali, mkaa, na nyasi zinazochomwa wakati wa kiangazi. Jua letu halihitaji maelezo.

Jambo moja huwashangaza wengi. Palepale kando ya barabara, moshi ukiwa mbichi, ozoni huwa kidogo, kwa sababu moshi mpya wenyewe huimeza. Huongezeka hewa hiyo ikishasafiri kwa saa kadhaa. Kwa hiyo shamba lililo kilomita nyingi kutoka foleni ya malori, mahali ambapo hewa inaonekana safi na huoni moshi wowote, linaweza kupata ozoni nyingi kuliko bustani iliyo nyuma ya kituo cha mafuta. Usiikadirie kwa macho wala kwa pua.

Tena si moshi wetu peke yake. Kati ya Desemba na Februari nyasi huchomwa kwa wingi kaskazini mwetu, Sudan Kusini na nchi za ukanda huo. Kati ya Juni na Septemba ni zamu ya kusini: Kongo, Tanzania, Zambia. Moshi huo husafiri mamia ya kilomita. Mkulima wa Dabani ambaye hajawasha hata kibiriti anaweza kupata sehemu yake.

Vita ndani ya jani

Jani hupumua kupitia vitundu vidogo sana, vingi vikiwa upande wa chini. Vitundu hivyo hufunguka wakati kuna mwanga na maji ya kutosha, ili hewa ya kutengenezea chakula iingie. Ozoni huingia kupitia mlango huohuo. Ikishafika ndani inakutana na unyevu na kuta za seli, na hapo huzaa chembe kali za oksijeni ambazo hutoboa ngozi ya seli jinsi kutu inavyokula bati.

Mmea haukai tu ukisubiri kuliwa. Una walinzi wanaoitwa antioksidanti, yaani vitu vinavyokubali kuungua vyenyewe ili seli isiungue. Mlinzi wa kwanza kabisa ni vitamini C, ileile ya kwenye machungwa. Mmea huiweka katika nafasi finyu iliyo nje ya seli, mlangoni pa adui. Ozoni ikiingia, vitamini C huipokea na kuharibika. Kisha hurudishwa ndani ya seli, inatengenezwa upya kwa msaada wa kitu kingine kiitwacho glutathioni, na inatumwa tena mlangoni. Nyuma yao wako vimeng'enya vinavyozima chembe zilizopenya. Vitamini E na karotini nazo hulinda ngozi za ndani, hasa pale jani linapotengenezea chakula.

Walinzi hao hawafanyi kazi bure. Kila mara vitamini C inapotengenezwa upya, jani hutumia nguvu iliyotokana na sukari, na sukari hiyo ndiyo ingeshuka chini kujaza kiazi. Kwa hiyo mmea unaweza kushinda vita na bado ukakupa viazi vidogo. Hapa ndipo wakulima wengi hupotezwa: wanaangalia majani, wanayaona si mabaya sana, na siku ya kuchimba wanashangaa. Ozoni ikizidi nguvu ya walinzi, jani huzeeka kabla ya wakati, hugeuka njano na kudondoka, na siku za kujaza viazi hupungua.

Hasara ni kiasi gani? Mwaka 1998 na 1999 watafiti wa nchi kadhaa za Ulaya walipanda aina moja ya kiazi mviringo, Bintje, katika vituo mbalimbali na kuipa mimea mingine ozoni ya ziada. Mavuno yalishuka kwa wastani wa karibu asilimia 5. Jambo la kuvutia ni kwamba viazi vilivyopata ozoni vilikuwa na wanga pungufu kidogo lakini vitamini C zaidi. Usidanganyike kuona hiyo ni faida. Anayekula viazi kila siku anahitaji kushiba kwanza.

Asilimia 5 inaonekana ndogo. Kwenye shamba ambalo tayari limepigwa na ukungu, mbegu hafifu na mvua zisizotabirika, inajumlishwa juu ya hayo mengine. Maharagwe huumia zaidi: watafiti wa Uingereza waliootesha aina za mazao ya Afrika ndani ya vibanda vya vioo karibu na Bangor, Wales, waliona maharagwe na ngano vikipoteza mavuno kwa ozoni.

Utajuaje ni ozoni?

Sema ukweli: ukiona madoa, uwezekano mkubwa bado ni ugonjwa. Anza kwa kuondoa magonjwa kwenye orodha, kisha ndipo ufikirie hewa.

Kwa viazi mviringo, adui wa kwanza ni bakajani chelewa, ule ukungu unaomaliza shamba ndani ya wiki moja wakati wa mvua na baridi. Doa lake ni kubwa, linaonekana kama limelowa maji, na mara nyingi huanzia ncha au ukingo wa jani. Kuna jaribio rahisi. Chuma jani lenye doa jioni, liweke ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na karatasi au kitambaa kilicholowa, funga, uache mpaka asubuhi. Ukiona utandu mweupe kama pamba upande wa chini, kuzunguka doa, huo ni ukungu na unahitaji hatua ya haraka. Bakajani tangulia huonyesha duara ndani ya duara, kama shabaha ya kulengea. Utitiri huacha nukta nyingi ndogo. Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe na utawaona wakitembea. Kwa viazi vitamu, majani yanayokunjamana, kudumaa na kuwa na mabaka ya njano ni dalili ya virusi, na hiyo huja na mbegu au na inzi weupe na vidukari.

Ozoni huacha alama ya namna nyingine. Ni vidoa vidogo sana, vyeusi au vya kahawia, vingi, vilivyotapakaa kati ya mishipa ya jani huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Upande wa chini unaweza kung'aa kama shaba. Huanzia majani yaliyokomaa, ya chini na ya katikati, wala si machipukizi. Hakuna utandu, hakuna duara, hakuna mdudu. Marekani wakulima wa viazi waliuita ugonjwa huu kwa jina la vidoa hivyo kabla ya watafiti kuthibitisha kwamba ulitoka hewani.

Halafu angalia shamba zima. Ugonjwa huanza mahali pamoja na kusambaa kwa jirani. Ozoni hupiga shamba lote kwa wakati mmoja, baada ya siku kadhaa za jua kali, upepo hafifu na ukungu wa moshi angani. Tafuta jani lililofunikwa na jingine: sehemu iliyokuwa kivulini itakuwa imebaki kijani safi, na mpaka wa kivuli utauona waziwazi. Ukungu haujali kivuli kwa namna hiyo. Mwisho, pita kwenye maharagwe. Kama nayo yamegeuka rangi ya shaba juu ya majani makuukuu katika wiki hiyohiyo, wakati maharagwe na viazi havishiriki ugonjwa mmoja, una sababu nzuri ya kushuku hewa.

Kuna kitu kimoja kinachofanana sana na ozoni hata mtaalamu anaweza kukosea: upungufu wa potasiamu katika udongo. Nao hutoa vidoa vyeusi na rangi ya shaba kwenye majani makuukuu ya viazi. Tofauti ni kwamba huanzia ukingoni mwa jani na kuingia ndani, na hauji ghafla. Shamba lililolimwa viazi vitamu au muhogo miaka mingi bila kurudishiwa chochote, huo ndio mshukiwa wangu wa kwanza. Jivu la kuni lina potasiamu. Nyunyiza kidogo na lichanganye na udongo kabla ya kupanda.

Vipi kuhusu dawa?

Mwaka 1978 watafiti wa kampuni ya DuPont ya Marekani walitangaza kemikali inayolinda majani dhidi ya ozoni. Imetumika sana tangu wakati huo, lakini na watafiti: wananyunyizia nusu ya shamba, wanaacha nusu nyingine, kisha wanalinganisha ili kujua ozoni imeiba kiasi gani. Si dawa ya wakulima. Mtu akikuuzia chupa yenye maandishi ya kinga ya ozoni, au vitamini C ya kunyunyizia viazi, baki na pesa zako. Vitamini C ikinyunyizwa juu ya jani huharibika upesi ikikutana na hewa na mwanga, na haifiki kwa urahisi pale ndani inapohitajika.

Tangu miaka ya 1950 imejulikana pia kwamba baadhi ya dawa za ukungu za kundi la kabameti hupunguza kidogo madhara ya ozoni. Hii ndiyo sababu mkulima anaweza kunyunyizia dawa ya ukungu, akaona madoa mapya yamepungua, na kuamini kwamba kweli ulikuwa ukungu. Haifai kununua dawa hizo kwa lengo la ozoni. Zina gharama, zina madhara kwa anayenyunyizia, na faida ni ndogo.

Na viazi vya rangi ya chungwa? Swali hili lina maana, kwa sababu aina kama Kakamega, Ejumula, Vita na Kabode zimejaa karotini, ambayo ni antioksidanti. Aina hizi zimekuwa baraka kwa macho na afya ya watoto, na Mganda Robert Mwanga alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi hiyo. Lakini karotini hiyo imo kwenye kiazi, chini ya udongo, na ozoni inapigana na jani. Panda viazi hivi kwa ajili ya watoto wako, usivipande kwa kudhani vinazuia ozoni. Na ukivikata kutengeneza amukeke, vianike kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali hula karotini uliyoitolea jasho.

Unachoweza kufanya

Mmea wenye afya una walinzi wengi. Udongo wenye samadi, mbegu safi na palizi ya mapema vinasaidia zaidi kuliko chupa yoyote. Watu wengine wamesikia kwamba mmea wenye kiu hufunga vitundu na hivyo hupata ozoni kidogo, na hilo ni kweli, lakini usiache kumwagilia kwa sababu hiyo. Kiu itakunyang'anya zaidi ya asilimia 5.

Wakati wa kupanda una uzito wake. Viazi vikijaza tumbo katikati ya mvua, Aprili na Mei au Oktoba na Novemba, hewa huwa imeoshwa. Ukichelewa kupanda msimu wa kwanza, viazi vyako vitakuwa vinajaza Juni na Julai, moshi wa kusini unapofika. Aina zinazokomaa mapema hukupa nafasi ya kumaliza kabla ya hapo.

Kuhusu moto, Uganda ina sheria ya mwaka 1974 inayokataza kuchoma nyasi bila idhini, na watu wengi huisahau kila Januari. Mabaki ya shamba yana potasiamu na nitrojeni unayoihitaji, basi yaoze kwenye shimo la mboji. Mabaki yenye bakajani chelewa yafukie kwa kina mbali na shamba. Wenyeji na wakimbizi mnaopakana mnaweza kukubaliana siku na mipaka pale inapobidi kusafisha pori, kwani moshi hauulizi nani ana kitambulisho gani. Madereva wanaosubiri zamu mpakani wanaweza kuzima injini. Na wewe mwenyewe, siku zenye ukungu wa moshi na jua kali, fanya kazi nzito asubuhi, kwa sababu ozoni hukwaruza mapafu ya mtu kama inavyokwaruza jani, na mwenye pumu huhisi haraka.

Ukibaki na mashaka, peleka jani kwa afisa ugani wa kata yako. Upande wa Kenya unaweza kufika kituo cha utafiti cha KALRO Alupe, karibu na Busia. Wakulima wa miteremko ya Elgon wana kituo cha Buginyanya. Chuma asubuhi majani matatu au manne, lenye madoa mengi, lenye machache na lisilo nayo, uyafunge kwenye gazeti kavu badala ya plastiki. Andika pembeni tarehe uliyoona madoa mara ya kwanza, hali ya hewa ya wiki hiyo, dawa uliyokwisha kutumia kama ipo, na kama maharagwe ya jirani yana alama hizohizo.